Kuni Hazikauki kwa Kalenda

Ukimuuliza mtu kuni huchukua muda gani kukauka, atakutajia miezi. Mmoja atasema mitatu, mwingine sita, mwingine mwaka mzima, na huenda wote watatu wanasema kweli. Aliyesema mitatu pengine alichanja msonobari vipande vyembamba akavianika kiangazi mahali penye upepo. Aliyesema mwaka alirundika magogo ya mkaratusi bila kuyapasua, nyuma ya ukuta ambako hewa haipiti. Nimeshughulika na kuni miaka mingi, kuchanja, kupanga na kupima, na kila msimu unanithibitishia jambo lilelile: ukaukaji wa kuni unaamuliwa na hewa inayozizunguka na mwili wa mti wenyewe, na kati ya hayo mawili, lile linalochelewesha zaidi ndilo linaloshika usukani. Ukijua ni lipi linalokuchelewesha, unajua pia la kufanya. Usipojua, utahangaika kuhamishia kuni juani kumbe zinahitaji shoka, au utazidi kuzipasua kumbe kilichokosekana ni upepo.

Maji yaliyomo

Mti uliokatwa leo umebeba maji mengi kuliko unavyodhani ukiutazama. Katika miti mingi karibu nusu ya uzito wa gogo bichi ni maji matupu. Anayejitwisha mzigo wa kilo 20 wa kuni mbichi amejitwisha kilo kama 10 za maji, na atayalipia mara mbili: kwanza shingoni, kisha motoni.

Maji hayo hayakai kwa namna moja. Mti kwa ndani ni kama mirija myembamba isiyohesabika iliyofungwa pamoja, na sehemu ya maji imo huru ndani ya mirija hiyo. Sehemu nyingine imo kwenye kuta za mirija, imeshikamana na nyuzi zenyewe. Maji huru hutoka kwa wepesi. Yaliyoshikwa kwenye kuta hutoka polepole, na kadiri yanavyopungua ndivyo yanayobaki yanavyozidi kung'ang'ania. Ndiyo sababu kuni hupungua uzito kwa kasi wiki za mwanzo, halafu zikaonekana zimekwama wakati bado zinaendelea kukauka kwa mwendo wa pole.

Mpaka kati ya hali hizo mbili uko karibu na asilimia 28 hadi 30, ukilinganisha uzito wa maji na uzito wa mti uliokauka kabisa. Hapo mirija ni mitupu lakini kuta bado zimejaa. Juu ya mpaka huo mti hausinyai. Chini yake ndipo unapoanza kunywea, na ndipo ncha za ukuni zinapoanza kupasuka nyufa zinazotawanyika kutoka katikati. Watu wengi wakiziona nyufa hizo husema kuni ziko tayari. Nyufa zinakuambia kwamba ncha zimevuka mpaka. Habari za katikati ya ukuni hazimo humo, na katikati ndiko moto utakakokwenda kukwama.

Hapa lazima niseme neno kuhusu asilimia, maana watu hugombana bure. Kuna hesabu mbili. Ya kwanza inalinganisha maji na mti mkavu, ya pili inalinganisha maji na uzito wote wa ukuni kama ulivyo. Ukuni wenye kilo moja ya maji na kilo moja ya mti mkavu una asilimia 100 kwa hesabu ya kwanza na asilimia 50 kwa ya pili. Maseremala hutumia ya kwanza, na vifaa vingi vya kupima unyevu wa mbao vimetengenezwa kuifuata. Wanaozungumzia nishati aghalabu hutumia ya pili. Asilimia 20 ya uzito wote ni sawa na asilimia 25 ya uzito wa mti mkavu. Anayekuletea takwimu, muulize kwanza anahesabu vipi.

Kiwango kinachokubalika cha kuni kavu ni asilimia 20 au chini yake. England ilikiweka kwenye sheria: tangu 1 Mei 2021, kuni zinazouzwa huko kwa mafungu yasiyofika mita 2 za ujazo haziruhusiwi kuzidi unyevu huo. Sababu unaiona ukipiga hesabu ya joto. Kilo moja ya kuni zenye nusu maji hutoa kama megajuli 8. Kilo moja ya kuni zenye asilimia 20 ya maji hutoa kama 14. Tofauti hiyo kwa sehemu kubwa inatokana na kwamba kwenye kilo ya kuni mbichi hukupata kilo ya mti, ulipata nusu. Kisha hiyo nusu inalazimika kuyachemsha maji na kuyageuza mvuke, na kila kilo ya maji hula zaidi ya megajuli 2.

Lakini hasara kubwa zaidi kwangu si joto. Chukua ukuni mbichi wa mkaratusi uutie kwenye moto mkali, kisha utazame ncha iliyo nje ya moto. Baada ya muda itaanza kutoka povu, povu litatokota pembezoni mwa gome, na utasikia mluzi mwembamba. Hayo ni maji huru yanayosukumwa na mvuke kupitia mirija. Maadamu yapo, sehemu hiyo ya ukuni haipandi sana kupita nyuzijoto 100, na mti unahitaji zaidi ya nyuzijoto 200 ili uanze kutoa vizuri gesi zinazowaka. Gesi chache zinazotoka hukutana na moto uliopozwa, hazipati joto la kuziunguza zote, zinapaa zikiwa moshi mzito. Moshi huo ndio unaoganda kwenye dohani kuwa masizi na utando mweusi unaonata, ambao siku moja unaweza kushika moto humohumo ndani ya dohani. Moshi huo ndio unaoingia vifuani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Kukausha kuni peke yake hakumalizi tatizo la ukubwa huo, lakini ni miongoni mwa mambo machache ambayo mtu anaweza kuyafanya kwa mikono yake mwenyewe leo hii, na kwa hiyo nalichukulia kwa uzito wote.

Hewa

Ukuni ukiwa mbichi kabisa, uso wake una maji ya kutosha na mengine yanakuja kutoka ndani. Katika hatua hiyo mti haucheleweshi kitu. Kinachoamua ni kasi ya hewa kuchukua mvuke na kuondoka nao.

Uwezo wa hewa kubeba mvuke hupanda sana joto linapopanda. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzijoto 10 inajaa ikiwa na gramu 9 hivi za mvuke. Ya nyuzijoto 20 hujaa kwa gramu 17, na ya nyuzijoto 30 kwa gramu 30. Sasa tuseme sehemu zote tatu zina unyevu wa hewa wa asilimia 60. Kwa maneno ya utabiri wa hali ya hewa, siku hizo zinafanana. Kwa kuni hazifanani hata kidogo: hewa ya nyuzijoto 10 imebakiwa na nafasi ya chini ya gramu 4, ya 20 ina nafasi ya kama gramu 7, ya 30 ina nafasi ya gramu 12. Siku ya joto inaweza kunyonya mara tatu ya siku ya baridi ingawa asilimia inayotangazwa ni ileile.

Nafasi hiyo haina maana kama hewa haisogei. Ingiza mkono katikati ya rundo nene la kuni mbichi lililorundikwa ovyo, utahisi ubaridi na unyevu hata kama nje jua linachoma. Hewa iliyonaswa humo imekwisha kushiba na haina pa kwenda. Ndiyo maana kwa kuni mbichi, nikilazimika kuchagua kati ya jua pasipo upepo na upepo pasipo jua, nachagua upepo bila kusita. Hewa inayopita kila saa inaleta nafasi mpya, hata ikiwa si ya moto.

Baadaye mambo hugeuka. Maji huru yakishaisha, uso wa ukuni unakauka na kazi iliyobaki ni kuyatoa maji yaliyoshikwa kwenye kuta, yapite kwenye nyuzi hatua kwa hatua hadi nje. Hapo unaweza kuuletea ukuni upepo wa baharini mchana kutwa na usione tofauti kubwa. Kinachoharakisha safari ya ndani ni joto la ukuni wenyewe. Basi huo ndio wakati wa jua: bati juu, ukuta uliopigwa na jua upande wa nyuma, au uchaga ulio karibu na joto la jiko kwa umbali usiohatarisha. Upepo kwanza, joto baadaye. Ningekuwa na ruhusa ya kumwachia mtu maneno manne tu kuhusu kuanika kuni, ningemwachia hayo.

Hewa pia huweka kikomo. Mti ukiachwa muda mrefu kwenye hewa ya aina moja hufika mahali hautoi tena wala haupokei. Kwenye unyevu wa hewa wa asilimia 50 kikomo hicho ni kama asilimia 9 ya uzito wa mti mkavu. Kwenye 65 ni 12, kwenye 80 ni 16, na kwenye 90 ni 20 na kidogo. Zitazame tena hizo namba wewe unayeishi penye hewa nzito na umande wa kila asubuhi. Hata hewa ya asilimia 90, ambayo inafanya nguo zisikauke kwenye kamba, mwishowe ingekufikishia kuni kwenye kiwango kinachowaka vizuri. Unachopungukiwa ni kasi. Na kasi unaweza kuitafuta kwa shoka, kwa mpangilio na kwa paa.

Kasi ni muhimu kwa sababu palipo joto na unyevu kuna mshindani. Kuvu wanaoozesha mti huhitaji maji yaliyo karibu na ule mpaka wa asilimia 30 au juu yake, na hustawi vizuri zaidi kwenye nyuzijoto ishirini na kitu hadi thelathini na kidogo. Hiyo ni hali ya hewa ya nchi nyingi kwa sehemu kubwa ya mwaka. Kuni zikikawia juu ya mpaka huo, kuvu wanaanza kula mti wenyewe, yaani kile hasa ambacho kingetoa joto. Ukuni uliooza ni mwepesi na ukikauka huwaka haraka, na wepesi huo humdanganya mnunuzi. Ubonyeze kwa kucha. Ukisagika au ukitoa harufu ya udongo wa uyoga, wepesi wake hautokani na kukauka. Chini ya asilimia 20 kuvu hawawezi kuendelea, kwa hiyo ukishavuka hapo unaweza kupumua.

Mvua inaogopwa kuliko inavyostahili, na wakati huohuo inadharauliwa mahali isipostahili kudharauliwa. Manyunyu yakizikuta kuni zilizokwisha kukauka, hulowesha ngozi ya juu tu, na siku chache za upepo huyaondoa, kwa sababu maji ya mvua hayarudi upesi kwenye kuta za mirija. Mvua ya siku nyingi mfululizo ni jambo jingine. Inaingia kwenye ncha, ambako mirija iko wazi, na hewa ya siku hizo imejaa mvuke kiasi kwamba hakuna kinachotoka. Kwa hiyo funika juu. Juu tu. Kuni mbichi zilizozungushiwa nailoni pande zote zimefungiwa na maji yao. Funua nailoni hiyo alfajiri utazame upande wake wa ndani: matone yamening'inia safu kwa safu. Hayo ni maji yaliyotoka kwenye mti usiku, yakakosa njia, yakagandia hapo, na jua likipanda yatadondokea kuni zilezile.

Kuhusu baridi kali nitasema kidogo. Kwenye nchi za theluji ukaukaji wa majira ya baridi ni wa kobe, kwa sababu hewa baridi haina nafasi. Wenyeji wengi wa huko hukata na kuchanja kabla baridi haijaisha ili majira ya kuchipua, yenye upepo na hewa kavu, yazikute kuni zimeshapangwa. Wengine wanaamini kwamba mti wa majira ya baridi hauna maji. Kwa miti mingi tofauti ya maji kati ya majira na majira ni ndogo. Kinachosaidia ni muda unaoukuta mbele yako baada ya kukata.

Kuna mbinu moja ya hali ya hewa ninayoipenda kwa sababu mti wenyewe ndio unaofanya kazi. Mti ulioangushwa ukiwa na majani yake, ukiachwa na matawi yote kwa wiki kadhaa, majani huendelea kuvuta maji kutoka shinani mpaka yanyauke. Ukikata vipande baadaye unakuta mzigo umepungua kabla hujainua shoka.

Mti

Sasa mti. Hapa ndipo watu wanaposema "mti mgumu unachelewa, mti laini unawahi", na wana haki kwa kiasi fulani, lakini sababu zake zinafaa kujulikana.

Mti mzito una kuta nene na mirija finyu. Nafasi ya maji huru ni ndogo. Mti ambao mita yake moja ya ujazo ikiwa mbichi ina kilo 1,000 za mti mkavu hauwezi kubeba maji yanayofika theluthi mbili ya uzito huo, hata ukiuzamisha kisimani. Ule wenye kilo 400 unaweza kubeba maji karibu mara mbili ya uzito wake mkavu. Kwa hiyo mti mwepesi huanza safari ukiwa na maji mengi, tena yale rahisi. Mti mzito huanza na maji machache, lakini sehemu kubwa ni yale magumu. Mwepesi husikiliza hewa: mpe upepo na jua utaona matokeo ndani ya wiki chache. Mzito haukusikilizi. Mgunga wa zamani au mpingo, ambao ni mzito hata unazama majini, utakauka kwa mwendo wake, na njia ya pekee ya kuuharakisha ni kufupisha safari ya ndani.

Ugumu peke yake hauelezi kila kitu. Angalia mialoni miwili ya nchi za baridi. Mwaloni mwekundu una mirija iliyo wazi, kiasi kwamba ukichukua kipande kifupi, ukaichovya ncha moja majini na kupuliza nyingine, mapovu yanatoka. Mwaloni mweupe, unaokaribiana nao kwa uzito, mirija yake ya moyoni imezibwa na vifuko vidogo vilivyoota ndani yake. Ndiyo sababu mapipa ya mvinyo hutengenezwa kwa mwaloni mweupe. Na ndiyo sababu kuni zake kwenye nchi za baridi huachwa miaka miwili au zaidi. Kizuizi kinachozuia mvinyo kutoka kwenye pipa ndicho kinachozuia maji kutoka kwenye ukuni.

Na kuna miti inayowaka mapema ikawafanya watu waamini haihitaji kukaushwa. Ulaya wana mti wa jamii ya Fraxinus, ambao ukiwa mbichi una maji yasiyofika nusu ya uzito wake mkavu, wakati baadhi ya mipopla ina zaidi ya mara moja na theluthi ya uzito wake. Mvinje nao hushika moto hata ukiwa haujakauka. Kushika moto ni jambo moja, na kuwaka bila kupoteza joto ni jingine. Mvinje uliokauka na mvinje mbichi ni kuni mbili tofauti kabisa, na ningemsihi mwenye mvinje asiridhike na kule kushika tu.

Mkaratusi ndio unaonifikirisha zaidi, na kwa kuwa umepandwa karibu kila bara lenye joto, nadhani unawafikirisha wengi. Ukiwa mbichi umejaa maji. Kuta zake si nyepesi. Uso wake hukauka mapema na kuacha ndani kukiwa kumelowa, na tofauti hiyo huvuta mti mpaka unapasuka kwa mlio unaosikika usiku. Seremala akisikia mlio huo huumia. Mimi hufurahi, kwa sababu kila ufa ni njia mpya ya maji kutokea, na ukuni hauendi kuwa meza. Jambo la kukumbuka kwa mkaratusi ni kuuchanja siku zilezile unapokatwa. Baadhi ya aina zake zina nyuzi zilizojisokota, na zikishakauka zikiwa magogo, kabari inaingia inchi moja inakataa. Ukiwa mbichi hupasuka kwa pigo moja au mawili, unaachia harufu kali, na uso wa ndani unang'aa kwa maji. Weka shavu lako kwenye uso huo, utauhisi baridi. Ubaridi huo ni kipimo kizuri cha bure, nami hukitumia mpaka leo kwa ukuni wowote niliotoka kuupasua.

Msonobari hauna tabu. Tabaka lake la nje lina maji mengi, wakati mwingine kuliko uzito wa mti mkavu, na moyo wake una machache. Ukichanjwa unakauka upesi kuliko karibu kila mti niliotaja. Unasingiziwa kwamba utomvu wake ndio unaojaza dohani masizi. Utando wa dohani unatokana na moto uliopoa na moshi usioungua, na msonobari mkavu kwenye moto wenye hewa ya kutosha haujazi dohani kuliko mti mwingine. Unaisha haraka, hilo ni kweli. Kilo kwa kilo unatoa joto linalokaribiana na la mti wowote mkavu, hata kidogo zaidi kwa ajili ya utomvu, ila kilo yake inachukua nafasi kubwa.

Mwembe unahitaji haraka ya namna yake. Hauna kinga ya kutosha dhidi ya kuvu na wadudu watoboaji, na magogo yake yakilala chini mvua moja tu huanza kubadilika rangi. Usiuache ukisubiri nafasi. Ukikata, chanja, inua.

Halafu gome. Kazi ya gome mti ukiwa hai ni kuzuia maji yasipotee, na haliachi kazi hiyo mti ukifa. Miti ya jamii ya Betula ina gome lisilopitisha maji hata kidogo, na fito zake zikiachwa mviringo huoza ndani huku gome likibaki zuri na jeupe. Kwa mti wowote, gogo la mviringo lenye gome linakauka karibu kwa ncha zake tu. Maji hutembea kwa kufuata mirija mara 10 hadi 15 kwa kasi zaidi kuliko kuikata upande. Ndiyo maana kufupisha kipande kunasaidia, na kupasua kunasaidia zaidi. Kwa yale maji magumu ya kwenye kuta, muda hupungua takriban kwa kipeo cha pili cha unene: ukipunguza unene kwa nusu, muda unashuka hadi karibu robo ya ule wa awali. Pigo moja la shoka kwenye mti mzito linaweza kukuokolea miezi ambayo jua la kiangazi kizima lisingekuokolea.

Kupima

Kwa kuwa kila mti na kila hewa vina mwendo wake, nategemea mizani. Chagua ukuni mmoja wa katikati ya rundo, wenye unene wa kawaida. Kutoka gogo lilelile kata kipande chembamba, kisiwe cha ncha, kipime kikiwa kibichi, kisha kikaushe kwenye oveni kwa nyuzijoto 103 hadi uzito wake usipungue tena. Tuseme kilikuwa gramu 200 kikabaki 100. Basi gogo hilo lilikuwa nusu maji. Ukuni wako wa alama ukiwa na kilo 2, ndani yake mna kilo 1 ya mti mkavu, na utafika asilimia 20 ya unyevu siku mizani itakaposoma kilo 1.25. Andika namba hiyo kwa mkaa kwenye ncha ya ukuni na uurudishe mahali pake. Kuanzia hapo huhitaji kukisia.

Kifaa cha misumari miwili nacho ni kizuri, mradi usikichome kwenye uso wa nje. Upasue ukuni, uchome katikati ya uso mpya, misumari ikifuata nyuzi. Juu ya asilimia 30 usikiamini sana, kifaa hicho hakina uhakika huko. Kugonga kuni mbili zikalia sauti kavu ya juu ni dalili njema kwa macho na masikio yaliyozoea mti huo, lakini mgunga mbichi hulia vizuri kuliko mkuyu mkavu, kwa hiyo linganisha mti na ndugu yake.

Kupanga kwenyewe hakuna siri kubwa. Inua kuni juu ya magogo mawili au mawe, kiasi cha shibiri moja, ili udongo usizirudishie maji na mchwa wasipate ngazi. Safu moja yenye uwazi hushinda safu tatu zilizobanana. Upande mpana uelekee upepo unakotoka, na nyuma pasiwe karibu na ukuta. Tabaka la juu kabisa lilaze kwa gome juu. Usichanganye miti kwenye safu moja, maana wepesi utakuwa tayari ukiuficha mzito ulio nyuma yake, na utakuwa ukichomoa kuni moja kavu na moja mbichi mpaka rundo liishe. Wala usizilete mbichi ndani ya nyumba ukidhani unazikausha. Maji yake yote yatakwenda kwenye hewa unayovuta, na ukuta wa karibu utaota ukungu.

Mvua zikikukuta katikati ya safari, zigawe. Nyembamba na za mti mwepesi ziweke chini ya paa lililo wazi pembeni, hizo bado zitaendelea kukauka kila mvua inapopumzika. Za mti mzito zipasue tena mara moja, kwa sababu hewa haitakusaidia kwa muda na unene ndio kitu pekee ulichobaki nacho mkononi. Ndivyo nilivyofanya safari hii. Ukuni wangu wa alama wa mkaratusi bado una gramu mia na kitu za kupoteza, na wa msonobari uliokatwa wiki ileile umeshafika kwenye namba yake, nao ndio ninaouwasha kwa sasa.